Mnara wa Siloamu na Ghorofa la Kariakoo

Aya tano tu. Ziko mwanzoni mwa sura ya 13 ya Injili ya Luka, na mhubiri mwenye haraka anaweza kuzimaliza kabla waumini hawajakaa vizuri kwenye mabenchi. Lakini katika Agano Jipya zima sijui kama kuna aya nyingi zinazomsumbua msomaji kama hizi, hasa msomaji anayeishi upande wetu huu wa Dar es Salaam, kati ya bonde la Jangwani na mitaa ya Kariakoo. Leo naomba tuzisome kama tunavyosoma hadithi fupi: nani anasema, anamwambia nani, amenyamazia nini, na kwa nini neno fulani limekaa pale na si lingine.

Kisa chenyewe ni hiki. Watu wanamletea Yesu habari ya mjini: Pilato, liwali wa Kirumi, amewaua Wagalilaya waliokuwa wakitoa sadaka, na damu yao imechanganyika na damu ya wanyama waliochinja. Yesu hatoi pole, wala hamlaani Pilato. Anawauliza kama wanadhani hao waliouawa walikuwa na dhambi kuliko Wagalilaya wengine, kisha anajibu mwenyewe: hapana. Halafu, bila kuulizwa na mtu, anaongeza habari ya pili, ya watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu, ndani ya Yerusalemu. Nao je, walikuwa wabaya kuliko wakazi wenzao wa mji? Hapana tena. Ila kila baada ya hapana linakuja onyo: ninyi msipotubu, mtaangamia vivyo hivyo.

Basi, kisa kimekwisha. Katika wainjili wanne ni Luka peke yake anayekisimulia, na hatuelezi mnara ule ulijengwa na nani, ulianguka saa ngapi, wala waliokufa walikuwa akina nani. Wamebaki 18, idadi bila majina.

Sasa sisi wa huku mnara wa Siloamu hatuhitaji kuuchorewa. Jumamosi ya tarehe 16 Novemba 2024 asubuhi, jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo, katikati ya maduka. Watu walichimba kwa mikono kabla ya mitambo kufika. Waliofukiwa chini walipiga simu wakiwa hai, wakisema wako upande gani na wako na nani. Wengi waliokolewa, na zaidi ya 20 walikufa. Rudi nyuma hadi tarehe 29 Machi 2013, Ijumaa Kuu: jengo refu lililokuwa bado linajengwa mtaa wa Indira Gandhi lilianguka na kuua watu zaidi ya 30, wakiwemo watoto waliokuwa wakicheza jirani. Siku ile ile makanisani watu walikuwa wakisomewa habari za msalaba.

Rudi tena nyuma, Desemba 2011. Mto Msimbazi, unaotoka milima ya Pugu na kumwaga maji yake baharini pale daraja la Salender, ulijaa ukafunika bonde lote la Jangwani. Watu zaidi ya 40 walikufa katika mafuriko yale hapa jijini, na familia nyingi za bondeni zikahamishiwa Mabwepande. Mji huu una utani wake: sehemu inayoitwa Jangwani ndiyo inayojaa maji kuliko zote. Ikishanyesha siku mbili mfululizo, Barabara ya Morogoro inafungwa pale kati ya Magomeni na Fire, mabasi ya mwendokasi yanasimama, na watu wa Magomeni na wa Kariakoo wanaangaliana kwa mbali kama walio nchi mbili.

Na kila mara, ndugu msomaji, maji yakishapungua au kifusi kikishaondolewa, maelezo yanaanza. Yapo ya aina tatu, nimeyasikia yote kwenye vijiwe, misibani na madhabahuni. La kwanza ni la laana: pale palikuwa na madanguro, pale palikuwa na waganga, Mungu amechoka. Baada ya mafuriko ya 2011 nilimsikia mhubiri mmoja kwa kipaza sauti akisema maji yale yalitumwa kuosha uchafu wa bondeni. La pili ni la ukaidi: waliambiwa wahame, hawakuhama, sasa wanamlilia nani? La tatu ndilo la upole kuliko yote, na ndilo tunaloliandika kwenye mashada: kazi ya Mungu haina makosa.

Wiki moja baada ya jengo la 2024 kuanguka, jumuiya yetu ilisoma aya hizi tano. Tulikuwa watu kumi na kitu sebuleni, viatu mlangoni, feni inazunguka kwa kelele. Mama mmoja anayeuza vitenge jirani na soko aliinua mkono.

"Mwinjilisti, naomba kuuliza."

"Uliza tu, mama."

"Kuna kijana alikuwa ananibebea mizigo. Hajaonekana tangu ile Jumamosi. Hapa Bwana anasema hawakuwa na dhambi kuliko sisi. Sawa, nimefurahi. Sasa mbona akishasema hapana anatugeukia tena kututisha? Kama yule kijana hakufa kwa dhambi, mimi nitakufaje vivyo hivyo kwa dhambi?"

Mwinjilisti, ambaye ni mtu mwema na msomaji, alikaa kimya kidogo kisha akasema, "Mama, hilo ni swali zito. Tuombe." Tukaomba. Sina la kumlaumu. Lakini swali la mama yule ni swali la uhakiki wa fasihi hasa, kwa sababu limeweka kidole pale pale maandishi yalipopinda. Sehemu ya kwanza ya usemi inakata kamba kati ya dhambi na ajali. Sehemu ya pili inaonekana kuifunga upya kamba ile ile. Ama msemaji anajipinga, ama hatujasikia anachosema.

Tuanze na mpangilio. Kwa nini Yesu aliongeza mnara? Walioleta habari walileta ya Pilato tu. Mauaji yale yalikuwa na mtu wa kunyooshewa kidole. Ukishamtaja Pilato, maongezi yanageuka siasa na kila mtu anapata pa kusimama. Mnara hauna Pilato. Ni mawe tu yameshuka. Kwa kuleta habari hii ya pili, Yesu anawafungia wasikilizaji mlango waliokuwa wameuacha wazi. Ni kama anawaambia: mmekuja na msiba wenye mhusika, haya, nami nawapa msiba usio na mhusika, tuone maelezo yenu yatafika wapi. Matukio mawili yasiyofanana yanapewa jibu moja, neno kwa neno karibu. Hadithi fupi nzuri hufanya hivyo: hurudia jambo ili tofauti ndogo ionekane.

Na tofauti ndogo ipo. Katika habari ya kwanza, waliokufa wanaulizwa kama walikuwa wenye dhambi kuliko wengine. Katika ya pili, Biblia yetu ya Union Version, ile ya mwaka 1952 ambayo wengi tumekulia nayo, inabadilisha na kuwaita wakosaji. Watafsiri walikuwa waangalifu, kwa sababu Kigiriki nacho kimebadilisha neno. Ila neno la Kigiriki pale, ukilichukua kama lilivyo, ni wadeni: watu wanaodaiwa. Ni ukoo mmoja na neno lililo katika Sala ya Bwana kwa Mathayo, na kule Union Version hiyo hiyo imethubutu kuandika deni na wadeni. Huku kwa Luka ikalainisha.

Natamani wasingelainisha. Msomaji wa Kariakoo neno mdeni linampata mahali ambapo mkosaji halimpati. Huku kila mtu ana daftari. Mwenye duka la jumla anamdai wa rejareja, wa rejareja anamdai machinga, machinga anadaiwa kikoba. Ukimuuliza mfanyabiashara kama wale waliofukiwa walikuwa wadeni kuliko watu wote wa Kariakoo, atacheka kwanza, kisha atanyamaza, maana anajua daftari lake mwenyewe. Swali limemfikia. Neno mkosaji linamwacha mtu akifikiria makosa ya wengine. Mdeni linampeleka mtu kwenye droo yake.

Hapo ndipo naona mwanzo wa jibu kwa mama wa vitenge, nalo limejificha katika sarufi. Hebu tazama viambishi. Swali la wasikilizaji, na swali la Yesu anayewasomea mawazo yao, linatumia nafsi ya tatu: wao walikuwa, wao walitenda. Onyo linakuja kwa nafsi ya pili: ninyi. Kutoka wa- kwenda m-. Kiswahili chetu kinaonyesha mgeuko huo waziwazi kuliko lugha nyingi, kwa sababu mtendaji hajifichi, amebandikwa mbele ya kitenzi. Watu walikuja kuzungumza habari za wale. Wanaondoka wakiwa wamezungumziwa wao. Na marehemu je? Wameachwa wapumzike. Yesu amewatoa mahakamani na kuufunga mjadala juu yao. Kuanzia hapo hakuna mtu mwenye ruhusa ya kuwatumia kama mfano wa chochote.

Hilo halimalizi ugumu, kwa sababu vivyo hivyo bado ipo. Wafafanuzi wamejibu kwa njia mbili kuu. Wako wanaosema Yesu alitazama mbele kwenye mwaka 70, Warumi walipoubomoa mji wa Yerusalemu: watu wakafa kwa upanga kama Wagalilaya, wengine chini ya mawe kama wa Siloamu. Kwa hiyo vivyo hivyo ni neno la kihistoria, na toba inayodaiwa ni ya taifa zima kuacha njia ya vita. Ni usomaji wenye nguvu, na unalinda maana ya kawaida ya neno. Wako wengine wanaosema kuangamia hapa ni kwa roho, na mnara ni mfano tu. Huu nauona dhaifu. Unamgeuza kijana aliyefukiwa kuwa picha ya ubaoni, jambo ambalo Yesu ametoka kulikataza muda si mrefu.

Mimi naisoma hivi, na wasomaji wenye Kigiriki kuliko mimi wanisahihishe. Waliokufa Siloamu walifanana katika jambo moja lililo hakika: kifo kiliwakuta katikati ya shughuli. Hawakupewa taarifa. Madeni yao yalikuwa bado wazi, kama ya kila mtu. Vivyo hivyo haisemi kwamba dhambi yako itakuangushia ukuta. Inasema ukuta hautakuuliza, na wewe uliyesimama barabarani ukichambua dhambi za waliofukiwa una muda ambao wao hawakuwa nao, na unautumia kuwachambua. Kosa linaloonywa ni lile ambalo wasikilizaji walikuwa wakilitenda dakika ile ile wanaposikiliza.

Ushahidi wangu ni kwamba kisa hakiishii kwenye aya ya tano. Wasomaji wengi hukata pale, na hata baadhi ya Biblia huweka kichwa kipya cha habari, lakini Luka anaendelea bila kupumua. Inafuata hadithi ya mtini uliopandwa katika shamba la mizabibu. Mwenye shamba amekuja miaka mitatu kutafuta tunda, hakuna, anataka ukatwe. Mtunzaji anauombea mwaka mmoja zaidi: atauchimbia pembeni na kuutia samadi, kisha ndipo iamuliwe. Na hapo hadithi inakatika. Hatuambiwi mwenye shamba alijibu nini. Hatuambiwi kama mti ulizaa. Baada ya mnara ulioanguka ghafla, tunapewa mti uliosimama kwa kuombewa. Onyo lililosikika kama tishio sasa linaonekana sura yake nyingine: ninyi mnaouliza, mko ndani ya ule mwaka wa nyongeza.

Kuna jambo jingine linalonikera katika aya hizi, na sitalifunika. Yesu hamtaji fundi. Mnara umeanguka, watu 18 wamekufa, na hakuna anayeuliza msingi ulikuwaje. Mtu anayetaka kuficha uzembe anaweza kuyashika maneno haya akasema: mnaona, hata Bwana hakutafuta mkosaji. Na huku kwetu usomaji huo una walaji wake. Kazi ya Mungu haina makosa ni maneno matamu mno kwa mtu aliyepunguza nondo. Kila nikisikia yanasemwa juu ya jengo lililoporomoka najiuliza: kazi ya Mungu ni ipi hapa? Mungu ndiye aliyechanganya zege?

Lakini endelea kusoma, sura moja tu mbele. Katika sura ya 14 Luka analeta tena neno lile lile, mnara, kwa Kigiriki na kwa Kiswahili. Safari hii yuko mtu anayetaka kuujenga, na Yesu anauliza kama mtu huyo hataketi kwanza akapiga hesabu ya gharama, asije akaweka msingi halafu akashindwa kumaliza. Najua mfano ule unahusu gharama ya kumfuata Kristo, siugeuzi kuwa somo la uhandisi. Ila mwandishi anayeweka minara miwili katika sura mbili zilizofuatana, mmoja umeanguka na mwingine haujajengwa, ametupa haki ya kuisoma pamoja. Mbele ya mnara ulioanguka, Yesu anatukataza kutafuta dhambi za waliokufa. Mbele ya mnara ambao haujajengwa, anadhani ni jambo la kawaida kabisa kwamba mtu mwenye akili ataketi na kupiga hesabu. Serikali ilipounda kamati ya kukagua majengo ya Kariakoo baada ya ile Novemba, sikuona kwamba inashindana na imani. Ilikuwa imefungua ukurasa wa pili. Na ikiwa toba ni kugeuka, basi kwa mwenye jengo toba ina vipimo vya sentimita na kilo.

Fasihi ya dunia imelizunguka swali hili mara nyingi. Mwaka 1927 Mmarekani Thornton Wilder alitoa riwaya fupi, The Bridge of San Luis Rey. Daraja la kamba huko Peru linakatika mwaka 1714 na watu watano wanatumbukia korongoni. Mtawa mmoja aliyeshuhudia anaamua kuchunguza maisha ya hao watano ili athibitishe, kwa hesabu kabisa, kwamba Mungu alikuwa na sababu. Anakusanya miaka mingi, anajaza kitabu kikubwa, na mwishowe kanisa lake linamchoma moto yeye pamoja na kitabu chake. Wilder hamdhihaki mtawa, anamwonea huruma. Lakini kazi yote ile ni ya nafsi ya tatu, ni uchunguzi wa wale. Mtawa alitaka kumtetea Mungu, na njia pekee aliyoiona ilikuwa kuwafungulia marehemu jalada.

Kwetu, Euphrase Kezilahabi, mtoto wa Ukerewe aliyepitia seminari, alilipeleka jambo hilo mahakamani moja kwa moja. Rosa Mistika, riwaya yake ya 1971, haiishii kaburini. Inampeleka Rosa na baba yake Zakaria mbele ya Mungu, na huko wanaendelea kulaumiana: nani alimharibu nani? Wasomaji wa zama zile walishtushwa zaidi na mambo ya mwili yaliyomo kitabuni. Mimi kinachonishtua mpaka leo ni ule mwisho. Kezilahabi alithubutu kuonyesha kwamba hata mbele ya kiti cha enzi binadamu hataki kuacha viambishi vya nafsi ya tatu. Ukiisoma riwaya ile kisha ukarudi kwa Luka 13, unaona jinsi lile jibu la Yesu lilivyo kali na lilivyo na huruma kwa wakati mmoja. Kali, kwa sababu linakunyang'anya mshtakiwa uliyemleta. Lenye huruma, kwa sababu linamwachia huru.

Basi kumtumaini Mungu kunabaki wapi, ikiwa hatupewi sababu? Wapo watakaosema kwamba imani bila maelezo ni kujiziba macho. Nawaelewa. Lakini angalia imani ipi Luka anaiita ya kweli. Mwanzoni mwa Injili yake, katika sura ya 4, Yesu anajaribiwa siku 40. Union Version imepaita mahali pale nyikani. Biblia Habari Njema imeandika jangwani, na sisi wa hapa tunatabasamu tukifika hapo. Jaribu la mwisho, kwa mpangilio wa Luka, ni la jengo. Ibilisi anamweka juu ya kinara cha hekalu, anamwambia ajirushe, na anamsomea Zaburi ya 91 kuthibitisha kwamba malaika watamdaka. Zaburi hiyo unaikuta imebandikwa kwenye vioo vya daladala na juu ya kaunta za maduka ya Kariakoo. Ni Zaburi nzuri, nami naipenda. Lakini ukiigeuza kuwa bima ya jengo, umeisoma kwa sauti ya yule aliyeisoma pale kinarani. Yesu alikataa. Hakukataa kwamba Mungu analinda. Alikataa kulifanya hilo mkataba wa kumpima Mungu.

Kwa hiyo alipofika kwenye habari ya Siloamu alikuwa ameshakataa fundisho kwamba mwaminifu haangukiwi. Na safari yenyewe aliyokuwamo, Luka ametuambia tangu sura ya 9, ilikuwa ya kwenda Yerusalemu. Wasimulizi wake walikuja na jina la Pilato kama habari ya watu wengine. Sisi tuliosoma mpaka mwisho tunajua jina hilo litarudi, na damu itakayomwagika safari hiyo itakuwa ya huyu huyu wanayemsimulia. Msomaji akilikumbuka hilo, aya zile tano zinabadilika sauti. Anayesema hapana, hawakuwa wenye dhambi kuliko wengine, anaongea kama mtu ambaye hivi karibuni naye atasimuliwa sokoni, na watu watapita wakisema lazima kuna alichofanya.

Hilo halinielezi kwa nini kijana wa mizigo alifukiwa na mimi, niliyepita mtaa wa pili, nikarudi nyumbani kula. Wala maandishi hayajaribu kunieleza. Ila yananiambia Mungu ninayetakiwa kumtumaini amesimama upande gani wa kifusi, na hilo, kwangu, linatosha kuendelea kusali huku nikiendelea kuuliza. Sitaki imani inayohitaji kumsingizia marehemu ili isimame.

Mama wa vitenge bado anakuja jumuiya. Wiki chache baadaye nilimsikia akimjibu jirani aliyesema wale wa bondeni wameyataka wenyewe. "Wewe," alimwambia, "daftari lako umelifunga?" Jirani akacheka, akageuza maongezi. Sijui kama mama alikuwa akiikumbuka sura ya 13 au ni Uswahili wetu tu wa siku zote.

Ukipata saa moja, soma Luka kuanzia sura ya 12 mpaka mwisho wa 14 kwa mkupuo mmoja, bila kutazama vile vichwa vya habari vilivyowekwa na wachapaji. Soma kwa sauti ukiweza. Ukifika kwenye mtini, usiharakishe kupita.